Shela la Kuonea

Miaka thelathini na moja nauza mashela Idrija,
mji uliochimba zebaki hadi zebaki ikachoka.
Wanaume walipokuwa chini ya ardhi
wake zao walikaa madirishani na mito ya kusukia,
vijiti vikigongana, ta-ta-ta, lesi ikirefuka.
Kazi hii naijua kama nijuavyo goti langu bovu:
gauni likisema sana, shela linyamaze;
gauni likinyamaza, hapo shela lipewe neno.

Tinkara aliingia Alhamisi, mvua nyuma yake,
mama yake mbele yake.
Gauni mfukoni: weupe wa malai, si wa theluji,
shingo ya mraba, halina mikono,
kitambaa kizito kisicho hata na ua moja.
Nikasema moyoni, hili limenyamaza.
Nikashusha sanduku la juu.

Shela la kwanza liliishia kiwikoni,
likamkata vipande viwili kama mkate,
maana binti ni mfupi, na mabega ni ya muogeleaji.
La pili lilikuwa jeupe mno:
kando yake gauni likaonekana limefuliwa vibaya.
La tatu ndilo.
Pindo zima lesi ya hapa hapa,
miezi saba ya mikono ya marehemu Ljudmila,
majani yakipanda, yakitambaa hadi usoni,
refu la kufagia ngazi za kanisa.
Bi Vladka akashika kinywa.
"Tena linafunika," akasema. "Linakifunika kile."

Kile ni kifaa kidogo nyuma ya sikio la kushoto.
Nami, Mungu anisamehe, nilikwisha kukiona:
kitana nilikichomeka upande ule makusudi,
lesi nikailaza pale ilipo nene.

Tukaanza kubishana, mama mtu na mimi,
bei, urefu, taji au maua,
na walivaa nini maharusi wa bonde hili
kabla ya sisi kuzaliwa.
Kiooni nikamwona Tinkara akiinua kidole,
akagusa nyuma ya sikio. Tik.
Akatuzima.

Akasimama ndani ya kimya chake, akijitazama.
Kisha akanigeukia, uso chini ya majani ya Ljudmila:
"Sema kitu."
Umependeza, nikasema.
"Sijui umesema nini," akajibu, bila hasira.
"Midomo yako imejaa maua.

"Gašper huongea kama anayeogopa kuamsha mtoto.
Kanisani kuna mwangwi, kifaa hiki huchanganyikiwa.
Siku ile nataka kuliona neno
likitoka kinywani mwake."

Bi Vladka akakaa juu ya kigoda cha kujaribia viatu.
Mimi nikaenda stoo,
nikarudi na jora la wavu mtupu,
ule tunaoutandika chini ya vitu vya maana.
Nikakata mita tatu. Sikuupinda, sikuutarizi.
Kitana nikakipeleka kulia,
nywele nikazipandisha juu, masikio yote mawili nje.
Gauni likakaa vizuri zaidi, na hilo liliniudhi kidogo.

Mama akainuka, akasimama mbele ya binti yake,
akatikisa midomo bila sauti.
Nilikuwa nyuma na pini zangu, sikuona alichosema.
Tinkara alicheka, akafuta jicho kwa ncha ya wavu.
"Najua, mama," akasema. "Lakini si kwa bei ile."

Lesi ya Ljudmila nikairudisha sandukuni.
Nikaandika risiti ya mita tatu,
nikamwambia, kichwa changu kikiwa kwenye daftari,
aunyooshe kwa mvuke, asiupige pasi, utaungua.
Hakujibu. Bado alikuwa ametuzima.
Nikaweka kalamu chini, nikamgusa bega,
nikangoja anitazame,
nikaanza upya, polepole: mvuke.